Kwa nini I-10 ya Texas imeikwepa Austin na kushuka San Antonio?

#1 MchoraRamani
Wakuu, habari zenu. Nina swali kwa walioko Texas na kwa yeyote anayefuatilia mambo ya barabara.

I-10, moja ya intasteti (mtandao wa barabara kuu za kitaifa za Marekani), inaingia Texas kutoka New Mexico pale Anthony, jirani na El Paso, na inatoka pale Orange kwenye mto Sabine, mpakani na Louisiana. Ni maili 880, karibu kilomita 1,417, ndani ya jimbo moja. Barabara nzima, toka Santa Monica kule California hadi Jacksonville, Florida, ni maili 2,460 hivi. Zaidi ya theluthi yake imelala Texas.

Sasa fungua ramani. Kutoka Fort Stockton, Ozona, Sonora hadi Junction, inakwenda mashariki bila tatizo. Ukiweka rula hapo, mbele yake ni Austin, makao makuu ya jimbo. Lakini ikishapita Junction inakata kusini, inapita Kerrville na Boerne, inaingia San Antonio, ndipo inageuka kuelekea Houston. Austin imebaki na I-35 ya kaskazini–kusini tu. Mpaka leo hakuna intasteti inayotoka Austin moja kwa moja kwenda Houston, miji miwili mikubwa namna hiyo!

Nani aliamua, na kwa sababu gani? Mimi nahisi ni siasa. Karibuni.

#2 KichwaKigumu
Jeshi, mkuu. San Antonio ina Fort Sam Houston, ina Lackland, ina Randolph. Mtandao huu ulipitishwa 1956 vita baridi ikiwa imepamba moto, na jina lake rasmi lilitaja ulinzi wa taifa. Huku El Paso kuna Fort Bliss. Barabara imeunganisha kambi na kambi. Swali limekwisha.

#3 BintiMvita
Na mapenzi mmeyasahau. Eisenhower, ndiye aliyesaini ile sheria ya 1956, akiwa luteni kijana alipangiwa Fort Sam Houston mwaka 1915, na ni hapo San Antonio alipokutana na Mamie aliyekuja kuwa mkewe. Mji uliokupa mke utauacha bila barabara kweli?

#4 Mzee Kipimio
Binti Mvita, kisa cha Mamie ni cha kweli, lakini hakiwezi kubeba barabara. Sheria iliyouasisi mtandao ni ya 1944, na ramani ya kwanza ya njia zilizochaguliwa ilitoka 1947. Eisenhower aliingia ikulu 1953. Alichokifanya 1956 ni kuleta fedha: serikali kuu kulipa asilimia 90 ya gharama, majimbo asilimia 10. Mistari ilikuwa imeshachorwa.

Na wewe KichwaKigumu, kambi pekee hazitoshi. Austin nayo ilikuwa na Bergstrom, kambi ya jeshi la anga tangu 1942. Kama hesabu ni kambi, Austin isingekosa kitu.

#5 KichwaKigumu
Mzee wangu, Bergstrom moja huwezi kuilinganisha na mkusanyiko wa San Antonio. Na hao wa 1947 walikuwa wametoka vitani juzi tu. Walichora wakiwa bado wananusa baruti. Nasimama palepale.

#6 TakwimuKwanza
Kabla ya jeshi na mapenzi tuangalie watu. Sensa ya 1950:

Houston 596,163
San Antonio 408,442
Austin 132,459
El Paso 130,485

Mnaona? Wakati ule Austin ilikuwa sawa na El Paso, na San Antonio ilikuwa mara tatu yake. Sisi tunaiangalia Austin ya leo yenye watu 961,855 kwa sensa ya 2020, yenye makampuni ya kompyuta na magorofa, tunashangaa imeachwaje. Mchoraji wa 1947 hakuwa anaiona Austin hiyo. Aliona mji wa serikali na chuo kikuu. Nani angeacha watu laki nne akafuata laki moja na ushei?

#7 MchoraRamani
Asante TakwimuKwanza, hizo namba zimenipa picha. Lakini hazimalizi. I-35 inapita Austin na San Antonio zote mbili, na baina yao ni maili 80 tu. Wangeweza kuipitisha I-10 Austin, na mtu wa San Antonio akapanda kwa I-35. Kwa hiyo bado ilikuwa ni kuchagua.

#8 DerevaWaBukavu
Bandugu, salamu toka San Antonio. Mimi naendesha semi-trela, hiyo njia naijua kwa matairi.

Mnaongea kama vile I-10 ilikatwa upya porini. Hapana. Imeokota vipande vya barabara za zamani. Toka El Paso hadi karibu na Kent imefuata US 80. Toka hapo hadi maeneo ya Junction imefuata US 290. Toka Comfort kushuka San Antonio ni njia ya US 87. Halafu San Antonio hadi Orange imefuata US 90. Hiyo 290 ya zamani ndiyo ilikuwa inaendelea hadi Austin na Houston. Bado iko: kwenye I-10, njia ya kutokea namba 477, unaona kibao chake, unaingia kushoto kwenda Fredericksburg, Johnson City, Austin.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: kwa nini pale karibu na Junction waliiacha 290 wakaenda kudandia 87 na 90?

#9 Mama Neema
Mwanangu Dereva, mimi nakaa Houston na wadogo zangu wako El Paso. Kuna mtu aliniambia nikipita 290 nitaokoa muda. Ni kweli?

#10 DerevaWaBukavu
Mama, shikamoo. Hapana, usidanganyike. Toka namba 477 hadi katikati ya Houston kwa I-10 ni maili 292. Kwa 290 kupitia Austin maili zinakaribiana na hizo, lakini Fredericksburg barabara inageuka kuwa mtaa mkuu wa mji: taa, watalii wanavuka na mifuko ya zabibu na pichi. Kisha unaikuta Austin na foleni yake. Kwa gari dogo mchana wa Jumanne unaweza kwenda kwa ajili ya kuona vilima. Kwa haraka, baki I-10.

#11 Mama Neema
Marahaba mwanangu. Mungu akutangulie njiani.

#12 SautiYaKitongoji
Mchoraji aliyeleta uzi anasema siasa. Basi siasa ingeipeleka Austin, si kuikwepa! Lyndon Johnson alikuwa mbunge wa eneo la Austin toka 1937 hadi 1949, akawa seneta, na 1955 akawa kiongozi wa walio wengi katika Seneti. Shamba lake liko Stonewall, pembezoni mwa hiyohiyo US 290. Ni mtu aliyeleta umeme vijijini kwao. Kama kuna mwanasiasa Marekani nzima aliyekuwa na sababu ya kuivuta I-10 ipite mlangoni pake, ni yeye. Na haikupita.

#13 MchoraRamani
Hoja nzito hiyo. Lakini kiongozi, ramani ya 1947 ilipotoka yeye alikuwa mbunge wa kawaida tu. Nguvu za Seneti zilikuja baadaye. Kushindwa kwake hakuthibitishi kwamba siasa haikuwepo, huenda kuna waliomzidi.

#14 ReliYaKati
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni reli. Njia ya Southern Pacific iliunganishwa 1883, New Orleans, Houston, San Antonio, El Paso, Los Angeles. Ile treni ya abiria ya Sunset Limited bado inapita hukohuko mara tatu kwa wiki. Miji ilikua kwenye reli, barabara ikafuata miji. Austin haiko kwenye njia hiyo. Hata kwetu mji bila stesheni ulikuwa unabaki nyuma.

#15 Mzee Kipimio
ReliYaKati, uko sawa kwa nusu moja. Houston hadi San Antonio, reli na barabara zinakwenda pamoja. Ila kutoka San Antonio kwenda magharibi reli inashuka Del Rio mpakani na Mexico, inavuka mto Pecos, inapita Sanderson, Alpine na Marfa. Hiyo ni njia ya US 90. I-10 iko mbali kaskazini, inapita Sonora, Ozona na Fort Stockton. Vinakutana tena Sierra Blanca, mji ulioshuhudia reli ya Texas and Pacific ikiungana na Southern Pacific mwezi Desemba 1881.

Kama barabara ingeifuata reli kwa utii, leo I-10 ingepita Del Rio na Marfa.

#16 ReliYaKati
Basi hiyo nusu niliyopata ndiyo yenye jibu la uzi huu. Swali ni kuhusu San Antonio na Houston, siyo Marfa.

#17 Chemchemi
Naomba nirudi nyuma zaidi ya reli. Ukitaka kuelewa mstari wa magharibi mwa Texas, uliza maji yalikuwa wapi.

Mwaka 1849, baada ya vita na Mexico, watu walitaka kufika El Paso na mbele kwenda California. Safari mbili zilitoka mwaka huohuo kutafuta njia. Neighbors na Ford walipita upande wa juu kutokea Austin. Whiting na Smith, maofisa wa jeshi, walitokea San Antonio wakapata njia ya chini. Kwa hiyo ushindani wa Austin na San Antonio kuhusu barabara ya El Paso una umri wa karne moja kabla ya ramani mnayoibishania!

Na njia zote zilikuwa zinaruka kutoka chemchemi hadi chemchemi, maana ng'ombe na nyumbu hawawezi kuvuka pale bila kunywa. Fort Stockton ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1850 kwa sababu ya Comanche Springs. Maji yalikuwa yanabubujika kiasi cha kumwagilia mashamba. Miaka ya 1950 wakulima wa magharibi mwa mji wakafunga pampu kubwa. Wenzao waliotegemea chemchemi wakaenda mahakamani, na 1954 wakashindwa: sheria ya Texas ilimpa mwenye ardhi haki ya kuvuta maji yaliyo chini yake. Kufikia 1961 chemchemi zilikuwa zimekauka. Mji umebaki na jina na bwawa la kuogelea lililojengwa pale.

Ukitaka kuona ilivyokuwa, toka I-10 kwenye namba 206 uende Balmorhea. Chemchemi ya San Solomon ingali hai. Vijana wa mpango wa ajira wa miaka ya 1930 waliizungushia kuta za mawe ikawa bwawa kubwa. Jangwani, jua linachoma mpaka lami inanukia, unaingia kwenye maji ya nyuzi 22 hadi 24 mwaka mzima, unaona samaki wadogo wanakupitia miguuni na chini mchanga unachemka taratibu maji yakipanda. Nimesimama pale nikamwelewa mwenye nyumbu.

#18 BintiMvita
Chemchemi umeandika mpaka nimeona kiu 🙌🏾 Kwa hiyo wewe unasema San Antonio ilishinda 1849?

#19 Chemchemi
Nasema njia ya San Antonio ndiyo iliyotumika zaidi na magari ya barua na jeshi, na ngome zikajengwa juu yake: Fort Lancaster 1855, Fort Davis 1854. Desturi ya njia ikishakaa ni vigumu kuihamisha. Lakini sisemi ndiyo sababu pekee.

#20 Kaka Mpole
Samahani wadau, natoka nje ya mada kidogo. Nimepata leseni ya lori mwezi huu. Naweza kuvuka Texas kwa siku moja?

#21 DerevaWaBukavu
Kaka, karibu kazini. Piga hesabu. Sheria inakupa saa 11 za usukani baada ya kupumzika saa 10, na ukishaendesha saa 8 lazima usimame nusu saa. Lori langu limefungwa spidi, halizidi maili 65 kwa saa. Mara 11 ni maili 715. Umeanzia Orange asubuhi, hujakutana na foleni hata moja, kitu ambacho Houston haikupi, saa zinaisha uko kwenye alama ya maili 165, kabla ya Van Horn. Jimbo hilohilo! Umebakiza maili 165 kumaliza.

Ndiyo maana pale mpakani Orange kuna kile kibao ambacho kila mgeni anakipiga picha: Beaumont 23, El Paso 857.

Gari dogo ni tofauti. Magharibi kule, toka 2006, ruhusa ni maili 80 kwa saa, kama kilomita 129. Ila usiku karibu na Junction na Sonora punguza, paa wanavuka kwa makundi.

#22 UtingoMstaafu
Sisi tuliokuwa tunapiga Dar–Tunduma tulijiona tumemaliza dunia, na ile ni kilomita mia tisa na kitu. Huyu ana 1,417 na bado hajatoka jimboni. Heshima yako dereva.

#23 Mwanafunzi wa El Paso
Ongezeni jambo la saa. El Paso na wilaya ya Hudspeth zinatumia majira ya milima, Texas iliyobaki inatumia majira ya kati. Ukivuka kwenda magharibi, ukiingia tu wilaya ya Hudspeth baada ya Van Horn, simu inarudi nyuma saa moja. Mgeni anaahidi kufika saa nne asubuhi, anafika saa tatu, mwenyeji hajaoga.

Na El Paso iko karibu zaidi na San Diego, California kuliko Houston. Watu wa Beaumont nao wako karibu na Jacksonville, Florida kuliko kwetu.

#24 Kaka Mpole
Sasa hiyo saa moja ya ziada inaniongezea muda wa kuendesha?

#25 DerevaWaBukavu
Hapana 😄 Kifaa cha kurekodi saa kinafuata majira ya kituo chako cha kazi. Saa 11 ni 11, hata simu ikisema nini.

Jambo jingine la lazima. Ukitoka El Paso kuja mashariki, kabla ya Sierra Blanca kuna kituo cha doria ya mpaka. Kila gari linasimama. Wakati mwingine wana mbwa. Kama una kadi ya ukaazi tembea nayo mwilini, sheria inataka hivyo kwa mtu mzima asiye raia. Usiiache nyumbani ukasema nitatuma picha. Wapo wanamuziki wakubwa wa Marekani, Willie Nelson mmojawao, waliokamatwa hapo kwa bangi. Jibu unachoulizwa, endelea na safari.

#26 Mkaazi wa Katy
Wasee mmeongea jangwa mpaka mmesahau huku kwetu. Mimi nakaa Katy, nafanya kazi Houston mjini. Nyinyi mnauliza I-10 ilipita wapi, mimi nauliza ilipanuliwa ikawa nini. Upanuzi uliisha 2008, gharama kama dola bilioni 2.8. Leni 26! Na bado jioni ni jam. Mbona?

#27 KichwaKigumu
Leni 26 wapi? Hizo ni hadithi za mitandaoni.

#28 Mzee Kipimio
Namba hiyo ina ukweli wake, lakini mtu ajue inahesabu nini. Ni mahali pachache penye upana wa mwisho, ukijumlisha leni kuu za pande zote mbili, leni za kulipia za katikati, na barabara za pembeni ambazo Texas hujengwa sambamba na barabara kuu, zenye maduka na sheli. Leni kuu peke yake ni chache kuliko hapo. Ili kupata upana huo walichukua hata ardhi ya reli ya zamani ya Missouri–Kansas–Texas, iliyokuwa inakwenda sambamba na barabara. Jina la Katy wengi wanalihusisha na reli hiyo.

#29 Mkaazi wa Katy
Wacha hesabu ya leni. Takwimu za trafiki za Houston zenyewe zilionyesha kati ya 2011 na 2014 muda wa safari asubuhi uliongezeka asilimia 30, na jioni asilimia 55. Hii ni baada ya upanuzi. Barabara pana inaita magari. Watu waliona njia imefunguka wakanunua nyumba mbali zaidi, sasa sote tuko barabarani saa moja.

#30 TakwimuKwanza
Hapo nakupinga kidogo. Houston ilikuwa inapokea watu kwa wingi miaka hiyo, kazi za mafuta zilikuwa juu. Hao watu wangekuja barabara ipanuliwe isipanuliwe. Foleni ya 2014 ungeilinganisha na foleni ambayo ingekuwepo bila upanuzi, siyo na ya 2011.

#31 Mkaazi wa Katy
Wangekuja Houston, ndiyo. Wangekuja Katy? Hilo ndilo nabishia. Hapa kulikuwa na mashamba ya mpunga.

#32 SautiYaKitongoji
Tukiwa Houston, tusiruke Fifth Ward. Ni mtaa wa watu weusi wa muda mrefu, mashariki ya katikati ya mji. Miaka ya 1960 I-10 ilipitishwa katikati yake, na barabara nyingine kuu ikaukata kwa upande wa pili. Nyumba, makanisa na maduka vilivunjwa. Uzi huu unauliza kwa nini Austin ilikosa barabara. Kuna watu walioipata bila kuiomba, na mstari ule ulipochorwa hawakuwa na sauti mezani. Ukisema "waliangalia idadi ya watu", sema pia ni watu gani waliohesabiwa kuwa kikwazo.

#33 Mama Neema
Umesema kweli mwanangu. Mimi nilisali kanisa moja huko nilipofika. Wazee wa pale wanakuonyesha kwa kidole hewani: duka la fulani lilikuwa hapo, fundi viatu hapo. Unachokiona ni nguzo za zege.

Na mafuriko je? Kimbunga Harvey mwaka 2017, I-10 iligeuka mto, Houston na kule Beaumont pia. Na 2019, dhoruba ya Imelda, majahazi ya mizigo yalikatika kamba yakagonga daraja la I-10 juu ya mto San Jacinto, wakafunga njia.

#34 Mzee Kipimio
Mama, ni kweli yote mawili. Na ni hoja ya kihandisi: kipande cha mashariki kiko chini sana, Orange ni karibu usawa wa bahari, wakati El Paso ni zaidi ya mita 1,100. Barabara moja inatoka jangwa la mwinuko, inapasua miamba ya chokaa maeneo ya Junction, inamalizia kwenye vinamasi.

Nilikuwa nangoja mtu ataje vilima, kwamba Austin iliachwa kwa sababu ya vilima. Hakuna aliyesema, na afadhali. Austin na San Antonio zote zimekaa chini ya ukingo uleule wa nyanda za juu. Huwezi kushuka kwenye mji mmoja kati ya hiyo bila kupita vilima.

#35 ReliYaKati
Mzee, lakini kilima na kilima havifanani. Kushuka kupitia Comfort na Boerne tayari kulikuwa na US 87.

#36 Mzee Kipimio
Na kushuka kupitia Johnson City tayari kulikuwa na US 290. Tumerudi tulipoanzia.

#37 BintiMvita
Mimi nina swali dogo. Kwa nini 10? Na zile 410 na 610?

#38 TakwimuKwanza
Namba shufwa zinakwenda mashariki–magharibi, witiri kaskazini–kusini. Zinaanza ndogo kusini na magharibi. Ndiyo maana 10 iko chini kabisa, na 90 iko juu kule Seattle hadi Boston. Zinazoishia 0 au 5 ndizo njia ndefu. Tarakimu tatu ni matawi: ikianza na shufwa mara nyingi ni mzunguko, kama 410 ya San Antonio na 610 ya Houston. Ikianza na witiri ni kijitawi, kama 110 ya El Paso inayokupeleka daraja la kwenda Juárez.

#39 Mwanafunzi wa El Paso
Nalipita kila wiki hilo. Na ukiwa kwenye I-10 yenyewe, kipande cha chuoni kwetu, Juárez unaiona kwa macho, nyumba zimepanda kilima ng'ambo ya mto. Barabara ya Marekani imebanwa pale kati ya mlima na mpaka kwa sababu hakuna pengine pa kupita. Kwetu hakuna ubishi wa kwa nini imepita hapa 😀

#40 MchoraRamani
Asanteni wote. Mpaka sasa nina jeshi, idadi ya watu, reli nusu, njia ya 1849, na Johnson aliyeshindwa. Nilivyosoma, TakwimuKwanza na Chemchemi wana nguvu, ila hawasemi kitu kimoja. Mmoja anasema walihesabu watu wa 1947, mwingine anasema njia ilishazoeleka kabla hao watu hawajazaliwa.

Nina la nyongeza. Mzee Kipimio ametaja Del Rio na US 90. Kama San Antonio ilikuwa lazima, kwa nini hawakuchukua US 90 moja kwa moja hadi El Paso, reli iko, miji iko? Kwa nini wapande hadi Sonora na Ozona?

#41 DerevaWaBukavu
Hapo naweza kusema kitu. Ukipita juu, unafika mahali I-20 inapoungana na I-10, alama ya maili 186. Hiyo I-20 inatoka Dallas, Abilene, Midland. Ukifuata US 90 ya chini, mtu wa Dallas na mtu wa San Antonio wangebaki na barabara mbili ndefu jangwani hadi karibu na Van Horn. Kwa juu, wanashirikiana moja mapema zaidi.

#42 KichwaKigumu
Au hawakutaka barabara ya ulinzi ikae pua na pua na mpaka wa Mexico.

#43 Mwanafunzi wa El Paso
KichwaKigumu, soma #39. El Paso iko pua na pua na mpaka.

#44 KichwaKigumu
El Paso ina Fort Bliss. Rudini #2.

#45 Chemchemi
Dereva, hoja yako ya I-20 nimeipenda. Ila Fort Stockton ilikuwa kituo cha njia ya San Antonio tangu enzi za nyumbu, na ndiyo kisima cha uhakika kabla ya Pecos ukitokea magharibi. Mtu wa 1947 angekuta US 290 imeshatandikwa juu ya hiyo njia. Sioni kwa nini angeiacha.

#46 DerevaWaBukavu
Naingia barabarani, mzigo wa Phoenix. Kaka Mpole, la mwisho kabla sijazima simu: jaza dizeli Fort Stockton, usitegemee njiani. Toka hapo hadi Ozona ni zaidi ya maili 100, na mchana wa Agosti ukisimama na injini imechemka kivuli ni cha trela lako tu.

#47 Kaka Mpole
Nimeandika. Safari njema kaka.